Kisiki Dirishani

Zéphirin hakuketi. Aliweka mezani kifurushi cha makayabo, samaki wa chumvi waliofungwa kwa gazeti na uzi wa wavu, akafuta mikono kwenye suruali, akabaki amesimama karibu na mlango.

"Mama Germaine anakusalimia. Makayabo ni yake. Na habari iko moja."

"Basi sema."

"Muti ya baba yako ilikufa."

Zéphirin alikuwa mchuuzi wa Kilwa, Kilwa yetu ya Zaire, ng'ambo ya Ziwa Mweru. Kwenye karatasi za forodha aliitwa Nkulu, kwa sababu serikali yao ilikuwa imefuta majina ya ubatizo. Ziwani kila mtu aliendelea kumwita Zéphirin. Alileta vitenge, sabuni na salamu za mama yangu hapa Nchelenge, upande wa Zambia, akarudi na samaki. Hakuwa mtu wa kutunga habari.

"Ilikufa namna gani?"

"Mbuzi. Siku ya misa mulango ilibakia wazi. Kurudi kanisani, hakuna jani, hakuna ganda. Mbuzi moja ilikuwa inalala kwenye kiti ya baba yako, shauri ya kushiba."

Siku nyingine ningecheka.

"Mama anasema hivi: Angèle iko na mutoto wa ile muti. Mwisho wa mwezi wa nane nitavuka, nitwae kipande, nipande tena mahali pake. Anasema, hata miye mwenye macho imechoka, ninaona ile pembe iko wazi." Alitazama nyuma yangu, mti uliokuwa kwenye pembe ya sebule. "Njo huyu?"

"Ndiyo huyo."

"Eh, Angèle," alisema. "Ule, hata mbuzi hatamutaka."

Alisema kweli. Baba alikuwa karani wa posta, na mti wake ulikuwa ule mti wa mpira wanaouotesha ndani ya nyumba, wenye majani mapana mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Ulisimama kando ya kiti chake, mrefu kama mtu, umejaa pande zote kama mwavuli uliofunguliwa. Mwaka 1969, nilipoolewa na Davison nikavuka kuja kuishi Zambia, baba alinipa tawi lililokwisha kuota mizizi ndani ya kopo. Miaka miwili baadaye alifariki. Sasa ilikuwa mwezi wa sita wa 1975, na wangu ulikuwa aibu. Ulikuwa umepanda moja kwa moja mpaka kwenye bati, ukapinda, ukaanza kutambaa chini ya bati kuelekea kwenye mwanga. Majani tisa, yote juu. Chini yake shina tupu kama mpini wa jembe, lenye makovu ya majani yaliyoanguka, pete juu ya pete. Niliufunga kwa uzi wa wavu kwenye msumari ili usianguke pamoja na debe lake.

Siwezi kusema sikujua. Nina diploma ya ualimu ya Lubumbashi, maarifa ya nyumbani, na somo la bustani lilikuwamo. Nimewaambia wanafunzi mara nyingi kwamba mmea ukikatwa kichwa hutoa matawi. Lakini huu ulikuwa wa baba, na kwa miaka sita sikuugusa ila kuumwagilia. Hata kumwagilia nilikuwa nimeweka sheria ya nyumba: maji ya kuoshea samaki hayatupwi, yanapewa mti. Ndiyo maana ulirefuka vile.

Sasa nilikuwa na wiki kumi. Mti mmoja, kichwa kimoja. Nikikata na kichwa kikaota, mama atarudi na mti wa baba. Nikikata na mti ukafa, hapatakuwa na mti wa baba upande wowote wa ziwa.

Nikanoa kisu.

Mama mkwe wangu alinikuta nimepanda juu ya kiti. Sokoni wote walimwita BanaKasonde, kwa jina la mtoto wake wa kwanza; Davison wangu ni wa pili, na mimi aliniita BanaMwaka, kwa jina la mwanetu. Alikuwa Mbemba, muuza samaki tangu ujana wake, na Kiswahili alikipata kwa wachuuzi wa Zaire, kwa hiyo hata mambo ya nyumbani aliyasema kama mtu anayebishana juu ya rundo la samaki.

"BanaMwaka! Kisu ya nini?"

"Cha kukata mti, Mayo," nilijibu; ndivyo wanavyomwita mama.

"Muti ya nani?"

"Wangu."

"Awe, hapana. Ya baba yako. Yeye alisikia?"

"Alikufa, Mayo."

"Minajua alikufa. Minauliza kama alisikia."

Kwao, kitu alichokipanda marehemu hakikatwi kabla mwenyewe hajaambiwa. Nilikuwa na haraka, na njia fupi kabisa ilikuwa kutii. Nikasimama pale juu ya kiti na kisu cha kupasulia samaki mkononi.

"Baba, mbuzi walikula ule mwingine. Huu ninaukata. Usinilaumu."

BanaKasonde hakuondoka. "Weka mukwai."

"Mukwai," nikaongeza. Ni neno lao la heshima.

"Sasa kata."

Nilikata mara mbili: kwanza juu, chini kidogo ya majani, nikampa BanaKasonde kichwa akishike, kisha nikashuka, nikalikata shina usawa wa kitovu changu ili lisiwe tena mlingoti. Kisu kilipita kwa urahisi kuliko nilivyotegemea. Kwa muda wa pumzi moja palikuwa na duara la rangi ya mbao mbichi, safi, kavu. Kisha maziwa yakaja.

Nilikuwa nimesoma habari za utomvu. Nilikuwa nimeufundisha, nimeuchora ubaoni kwa chaki. Sikujua kwamba ungekuwa mweupe hivyo. Ulitoka kuzunguka duara lote, vitone vidogo vidogo, vikakutana, vikajaa, vikashuka kwenye shina bila sauti, na vilivyoshuka vikafuatwa na vingine. Nilikaa miaka sita na kitu hiki kama mtu anavyokaa na kabati, na muda wote kilikuwa kimejaa.

BanaKasonde alikuwa amepiga magoti. Alikunja viganja, akapiga makofi yale ya taratibu wanayopiga mbele ya mkubwa. Sikumcheka. Nilikuta magoti yangu nayo yako chini.

Baadaye alisema, kwa sauti yake ya sokoni, "Leta majivu. Mutu anatoka damu, weye unaangalia tu." Tukapaka majivu ya jikoni kwenye kidonda, na maziwa yakasimama.

Kichwa nilikifanyia yote niliyofundishwa. Niliosha utomvu, nikakunja kila jani na kulifunga kwa uzi ili lisipoteze maji, nikakisimika kwenye mchanga wa ziwani ndani ya kopo la maziwa ya unga. Nikakiweka mahali pa mwanga, nikakingoja.

Mwezi wa saba Nchelenge ni baridi. Upepo unatoka ziwani asubuhi, watu wanajifunika vitenge mpaka masikio. Jani la kwanza likawa la njano. Likafuata la pili. Wiki ya nne nilikivuta kidogo, kikatoka chote mkononi mwangu, cheusi chini, kinanuka. Nilikitupa nyuma ya jiko, sikumwambia mtu. Davison alipoona kopo tupu alisema, "Bado kisiki," akaenda kutengeneza injini za watu. Yeye ni fundi wa injini za mitumbwi. Anaamini kila kitu kina kipuri.

Bado kisiki. Kijiti kisicho na jani, urefu wa mtoto, kimesimama ndani ya debe karibu na dirisha. Wageni walitundika kofia.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane nilirudi kutoka shuleni nikakuta udongo wa debe umelowa, na juu yake ukungu mweupe, kama baridi iliyoganda. Nikaugusa, nikaonja kidole. Chumvi.

"Mayo! Nani amemwaga nini humu?"

BanaKasonde alitoka jikoni, amejaa unga wa mihogo mpaka kwenye viwiko. "Miye. Mayi ya samaki."

"Samaki gani?"

"Samaki ya mama yako. Makayabo. Minaloweka tangu jana, minamwaga asubuhi, minaloweka tena, minamwaga. Muti inagonjwa, minaipa mingi."

"Makayabo ni chumvi, Mayo! Umeuua!"

Alijipangusa mikono polepole. Ni mwanamke mfupi, na siku ile alinitazama kama mimi ndiye mfupi. "Nani alisema mayi ya samaki isitupwe? Miye? Miye sina diploma. Weye ulisema. Miaka sita minafanya kama ulisema. Hukusema samaki hii ndiyo, samaki hii awe."

Nilikuwa nimetoa sheria nikiwaza samaki wabichi wa ziwani, na mimi mwenyewe nilikuwa nimepokea makayabo yale kwa mikono miwili.

"Kosa ni langu," nilisema. "Nisaidie kubeba."

Tukabeba debe mpaka ziwani, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, kijiti kikitikisika katikati yetu. Davison alitupatia tindo na nyundo. Ufukweni nililipasua debe kwa ubavu, nikalifungua kama mlango. Udongo ulitoka na umbo lake, mraba kamili, na ulikuwa si udongo tena. Ulikuwa mizizi. Imezunguka debe raundi baada ya raundi, mizizi ya rangi ya kahawia na mizizi myeupe, imekunjwa kwenye pembe kama nguo zilizopigwa pasi, na kila mmoja umetafuta njia ya kutoka na haukuipata. Juu kijiti kilichokufa, chini, hiki. Tulibaki tumekitazama.

"Mwandi," BanaKasonde alisema, neno la mshangao la Kibemba.

Tukaingia majini hadi magotini tukaiosha. Yeye alishika shina, mimi nikapitisha vidole kati ya mizizi, nikilegeza, maji yakitoka meusi, kisha ya kahawia, kisha safi. Wanawake waliokuwa wakipakua samaki kwenye mtumbwi uliotoka Kabuta walituona.

"Mama mwalimu! Unaogesha fimbo?"

"Ndiyo, anaogesha fimbo," BanaKasonde alijibu kabla yangu. "Ile ya kukupiga weye. Lazima ikuwe safi."

Walicheka mpaka samaki wakawaponyoka. Tuliupanda kwenye debe jipya, nililotoboa chini kwa msumari mara kumi na mbili, kwa udongo mweusi wa chini ya miti. Maji ya ziwa tu. Sheria mpya niliitangaza kwa watu wote wa nyumba, na BanaKasonde akanifanya niirudie mara mbili.

Wiki tatu, hakuna kitu. Kila asubuhi nililikagua shina kama ninavyokagua daftari za darasa langu, juu hadi chini. Kijiti. Siku moja nilikwaruza ganda kwa ukucha chini kabisa, nione kama ndani kuna kijani, nikaacha katikati. Nilikuwa naogopa jibu.

Mama alivuka siku ya mwisho ya mwezi wa nane kwenye mtumbwi wa Zéphirin, ameketi juu ya magunia ya chumvi, amevaa viatu vya kanisani. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu kuliko nilivyokumbuka. Alinipapasa uso, akapapasa uso wa Mwaka wetu, akamkumbatia BanaKasonde, kisha hata maji hajanywa akasema, "Muti iko wapi?"

"Mama, pumzika kwanza."

"Nilipumzika ndani ya ile mashua saa mingi. Muti."

Nilikuwa nimepanga maneno. Njiani kutoka ufukweni yote yalipotea. "Mama, mti hakuna. Niliukata kichwa kikaoza. Kilichobaki tukakipa maji ya chumvi. Kuna kijiti tu. Nisamehe."

Zéphirin aliyekuwa amebeba mfuko wake alianza kutazama ziwa. Mama alitembea mbele, mkono begani kwa Mwaka, mpaka ndani, mpaka pembeni mwa dirisha. Akaitoa kofia ya mtu fulani juu ya kisiki.

"Ulikata mwezi gani?"

"Wa sita."

"Wa sita! Na baridi yote ile!" Aligeuka kwa BanaKasonde. "Mama Kasonde, mutoto wetu alisoma miaka ngapi?"

"Mingi sana, mukwai."

"Mwezi wa sita kitu inalala. Baba yako alikuwa anakata ndani ya mvua ya kwanza. Kila mwaka. Kwa wembe yake ya ndevu."

"Kila mwaka? Mimi sikumwona hata mara moja."

"Mvua ya kwanza weye ulikuwa unalala shuleni, internat, Lubumbashi. Unakuja Noeli, unakuta muti iko muzuri, unafikiri ilijitengeneza."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Bon," mama alisema. "Ulikuwa na diploma."

BanaKasonde alicheka mpaka akashika ukuta. Na wakati anacheka, mama aliinama, akaweka vidole vyake juu ya shina, kwenye kidonda chenye majivu, akaanza kushuka. Pete ya kwanza. Ya pili. Alivipitisha vidole kama mtu anayesoma, hana haraka. Pete ya tatu akasimama. Akarudi nyuma kidogo.

"Leta kidole yako."

Nikampa. Aliuchukua mkono wangu akauweka upande wa shina uliotazama ukutani, upande ambao mimi, kwa ukaguzi wangu wote, sikuwahi kuupapasa. Juu tu ya kovu la jani la zamani kulikuwa na kipele kigumu, kidogo kuliko punje ya mtama. Ganda limevimba na kupasuka, na katikati pana ncha.

"Na huku," mama alisema, akisogeza kidole changu. "Na huku tena. Hii ingine inachelewa. Hii ya tano."

Mahali ambapo jani lilianguka miaka mitatu au minne iliyopita, mahali nilipopaita kovu, kitu kilikuwa kimekaa ndani ya mbao muda wote huo kikingoja kichwa kitoke njiani. Hakikuogopa baridi yangu wala chumvi yangu. Sikuweza kuondoa kidole. Mwaka akasema, "Mama, unalia?" nikamwambia alete maji ya bibi yake ya kunywa.

"Basi sirudi kesho," mama alimwambia Zéphirin. "Utanipitia mvua ikinyesha."

Alikaa nasi miezi mitatu. Yeye na BanaKasonde walibishana kuhusu ugali, chumvi, na namna ya kumfunga mtoto mgongoni, na hawakukubaliana hata mara moja. Mwezi wa tisa joto lilirudi. Vipele vikawa ncha, kisha kila ncha ikajivika ala nyekundu, nyembamba, imechongoka kama mwiba wa samaki, nyekundu ambayo sijaiona kwenye kitenge chochote. Asubuhi moja ala ilijifungua yenyewe ikaanguka sakafuni, na ndani yake palikuwa na jani limeviringwa, linang'aa, limekamilika, na ndani ya jani lile ala nyingine tayari inaanza. Kila mtu wa nyumba yetu aliyepita pale alisimama. Hata Davison, na mikono yake ya grisi. "Hii haina kipuri," alisema.

Mama alituzuia kuuacha uote ovyo. Chipukizi la tano, lile lililochelewa, alilipogoa mapema kwa ukucha, kwa sababu lilikuwa limekaa juu ya jingine na yangesongamana. Debe aliligeuza robo kila Jumapili baada ya misa, dirisha lisiuvute upande mmoja. "Baba yako alifanya hivi," alisema, na hakueleza zaidi. Matawi manne yakaota, matatu yakitazama nje, pande tatu, kama mawe ya jikoni. La nne ndilo lililonona kuliko yote, na lilikuwa linaelekea ndani, katikati ya wenzake.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwezi wa kumi na moja, ikapiga bati mpaka hatusikilizani. Mama alimwomba Davison wembe.

"Hii," alisema, mkono juu ya tawi la nne.

"Mama, hilo ndilo zuri kuliko yote!"

"Njo ile inaharibu umbo. Ukiiacha, miaka miwili muti inakuwa kichaka. Na njo ile nitakwenda nayo. Weye ulifikiri nitakwenda na ipi?"

BanaKasonde alikohoa. Mama akaelewa, miezi miwili ilikuwa imemfundisha. Akanyoosha mgongo, akasema kuelekea kiti cha baba, kilichokuwa ng'ambo ya maji, "Karani, tunakata. Mukwai."

Maziwa yakaja, meupe, kimya. Safari hii hakuna aliyehitaji kuambiwa kuhusu majivu. Na mchanga wa kopo tulimolisimika tawi ulikuwa wa moto, hewa imejaa maji, na baada ya wiki tatu nilivuta tawi kidogo, likanivuta: lilikuwa limeota mizizi.

Zéphirin alimchukua wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili. Mama aliketi juu ya mafungu ya samaki wakavu, kopo mapajani, kitenge kimefunika majani yasipigwe na upepo. Mtumbwi ulipoanza kusogea BanaKasonde aliingia majini na nguo zake, akapiga kelele:

"Mama Germaine! Funga mulango siku ya misa!"

"Zile mbuzi?" mama alijibu, na sauti yake ilifika vizuri juu ya maji. "Tutazikula Noeli!"

Nilisimama mpaka mtumbwi ukawa doa. Nyumbani mti ulikuwa dirishani, matawi matatu, pande tatu, hakuna linalomzuia mwenzake. Pale tawi la nne lilipokuwa palikuwa na tone jeupe lililokauka. Nilipitisha kidole chini yake, upande wa nyuma, usioonekana. Palikuwa laini kabisa, bado hapana kipele. Nikarudi kesho yake nikapapasa tena.